Kifutu mmoja, watu wawili: kaka hakuvimba, wifi nusura apoteze mguu. Kwa nini?

FundiCherehani (Mbagala)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisaidie kwa hili, na mwenye elimu ya afya tafadhali asinipite bila kuandika neno.

Kwetu ni Newala, upande wa Kitangari. Oktoba mwaka juzi kaka yangu na mke wake walikuwa shambani wanasafisha chini ya mikorosho. Mabibo yalikuwa yameanza kudondoka, na majani yakiwa mengi korosho huzioni. Kaka akainama kukumbatia lundo la majani akalitupe pembeni, akachomwa kiganjani upande wa kidole cha mwisho. Anasema alidhani ni mwiba. Akarusha majani yote. Nyoka akaangukia miguuni kwa wifi, na kabla wifi hajaruka akaumwa kwenye muundi, juu kidogo ya kifundo. Walimuua kwa mpini wa jembe. Picha yake ninayo kwenye simu: mfupi, mnene kama mkono wangu, mgongoni ana alama kama za V zimefuatana mpaka mkiani. Kijiji kizima hakuna aliyebisha kwamba ni kifutu.

Sasa sikilizeni. Kaka: matundu mawili, tone la damu, alitapika mara moja pale pale, mikono ikamtetemeka, basi. Jioni alikula ugali. Asubuhi ungedhani kaumwa na siafu. Wifi: kabla hawajafika nyumbani alikuwa hawezi kukanyaga kwa maumivu. Kufika magharibi mguu umevimba hadi goti, ngozi inang'aa. Kesho yake uvimbe uko pajani, na muundini yametoka malengelenge makubwa ya maji meusi meusi.

Walimfunga kipande cha khanga juu ya goti wakakikaza kwa kijiti, akakaa nacho tangu mchana mpaka usiku. Mzee mmoja akawachanja wote wawili kwa wembe na kuwawekea jiwe la nyoka. La kaka lilishika mpaka saa nne usiku, likadondoka lenyewe. La wifi lilikuwa likiwekwa linadondoka, likiwekwa linadondoka. Wakasema jiwe limemkataa.

Hospitali alifikishwa siku ya tatu. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwepo kidogo sana, akapewa hiyo iliyokuwepo. Alilazwa wiki saba, akakatwa nyama iliyooza, akapandikizwa ngozi iliyotolewa pajani. Nilifunga cherehani yangu nikaenda kumuuguza wiki mbili. Nilikuwa nashika beseni nesi akifungua bandeji, na siku moja niliuona mfupa wa muundi, mweupe kama ganda la yai. Wifi alikuwa ananishika mkono, anauma pindo la khanga ili asipige kelele wodini.

Kinachonileta hapa ni maneno ya watu. Wanasema yule alikuwa nyoka wa kutumwa na alijua anamtafuta nani. Wanasema kaka alichanjwa utotoni na marehemu babu, kwa hiyo damu yake imefungwa. Wifi ni mtu wa Nachingwea, hakuchanjwa. Wengine wamekwenda mbali zaidi, kwamba mwanamke mwenye siri nyumbani ndiye sumu humkubali. Mama yangu mzazi amelirudia neno hilo mbele yangu. Wifi anasikia, ananyamaza. Na sasa mama ametenga Ijumaa ya wiki ijayo kumpeleka mtoto wao wa miaka minne akachanjwe, awe kama baba yake.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba. Nataka kuelewa: nyoka mmoja, dakika moja, mmoja hakudhurika chochote na mwingine akabaki na kovu la kutisha. Imekuwaje?

---

MkulimaTunduru

Pole sana dada, na umfikishie wifi pole zangu. Hilo la siri za nyumbani liacheni kabisa, ni uonevu.

Lakini la damu mimi naliamini. Damu za watu hazifanani. Kuna mtu anadungwa na nyuki mmoja anavimba uso mzima, na kuna mwingine anarina asali kifua wazi. Babu yangu aliumwa na kifutu mara mbili, na mara zote alilala siku mbili akarudi shambani. Mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, aliumwa mara moja tu tukamzika. Na wazee wa Liwale hawajamsahau Ionides, bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, wa enzi za mkoloni, waliyemwita Bwana Nyoka. Alishika nyoka wa sumu kwa miaka na miaka, huko Newala kwenu alifika sana. Aliumwa zaidi ya mara moja, na alipofariki 1968 hakufa kwa nyoka. Hiyo si damu?

---

TabibuMstaafu (Lindi)

Binti yangu, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya utabibu miaka 31, karibu yote kwenye zahanati na vituo vya afya vya Lindi na Mtwara, na msimu wa korosho ndio uliokuwa msimu wetu wa nyoka. Nitakujibu kwa kutumia maelezo yako mwenyewe, kwa sababu umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wengi walioletwa kwangu.

Sumu ya nyoka haitoki kama mate yanavyotoka. Inakaa kwenye tezi mbili nyuma ya macho, na tezi hizo zina misuli. Nyoka akiuma, misuli inabana, sumu inapita ndani ya jino kama dawa inavyopita ndani ya sindano. Anaweza kubana sana, anaweza kubana kidogo, anaweza asibane kabisa. Tunaita kuumwa bila sumu, na yeyote aliyekaa na wagonjwa wa nyoka amewaona watu wa namna hiyo. Matundu yapo, damu imetoka, ndani hakuna kilichoingia. Kifutu akikamuliwa sumu hutoa kati ya miligramu 100 na 350 hivi. Kwa hiyo kati ya nyoka aliyegusa na nyoka aliyemimina kuna tofauti kubwa kuliko tofauti yoyote ya damu ya mtu na mtu.

Sasa mtazame kaka yako. Alimkumbatia nyoka ndani ya majani. Nyoka kabanwa, kauma ukingo wa kiganja, pengine kupitia majani. Kisha karushwa hewani, kaanguka chini, mbele yake kuna mguu mtupu. Kifutu ana meno ya sumu yanayozidi sentimita moja, na muundi wa wifi yako haukuwa na buti wala suruali ya kupunguza chochote. Sikuwepo, siwezi kuapa, lakini ukinipa hao wawili bila kuniambia kabila wala mwenendo wao, ningekisia hivyo hivyo ilivyotokea. Kutapika mara moja na kutetemeka kwa kaka yako kulikuwa hofu. Nimeletewa watu wamezimia, jasho linawatoka, kumbe nyoka waliyemleta kwenye mfuko hana sumu hata kidogo.

Halafu ile khanga. Hapo nilisimama kusoma nikatembea uani kidogo. Sumu ya kifutu inaozesha nyama pale ilipoingia. Ukikaza kamba juu ya goti tangu mchana hadi usiku, unaifungia sumu sehemu moja na wakati huo huo unaunyima mguu damu. Kaka hakufungwa. Wifi alifungwa. Mguu aliofika nao hospitali ulikuwa umeumwa na nyoka, na pia ulikuwa umeumizwa na kile kijiti. Waliofanya hivyo walikuwa wanamsaidia kwa moyo wote, najua, na sisemi ili mtu alaumiwe. Nasema kwa kuwa ni mojawapo ya tofauti kati yao wawili, na haina uhusiano wowote na babu yenu.

Na jiwe. Naomba usome hapa pole pole, umsomee na mama. Jiwe la nyoka huwa ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Una vitundu vidogo vidogo, ukiuweka kwenye chale mbichi unanyonya unyevu na kung'ang'ania, kama vile kipande cha chungu kipya kinavyoshika ulimi ukikilamba. Chale ya kaka ilikuwa karibu kavu, jiwe likashika vizuri, na damu ilipokauka likaachia. Chale ya wifi ilikuwa inachuruzika kwa sababu sumu ilikuwa tayari inafanya kazi. Jiwe lilipoloa likadondoka. Watu waliona jiwe limedondoka, kisha wakaona mguu umeoza, wakasema umeoza kwa kuwa jiwe limekataa. Mambo yalikwenda kinyume chake: jiwe lilidondoka kwa sababu mguu ulikuwa umeshaanza kuharibika. Na kaka yako angepona hata wangembandika ganda la korosho.

Ndugu wa Tunduru, mfano wako wa nyuki ni mzuri, ila ni wa kitu kingine. Anayevimba uso kwa nyuki mmoja, mwili wake mwenyewe ndio unaofanya fujo. Huo ni mzio, na kweli watu wanatofautiana sana hapo. Sumu ya kifutu inayeyusha nyama yenyewe. Ni kama maji ya moto, yakikumwagikia hayaulizi wewe ni wa ukoo gani. Miili ina tofauti zake, sikatai: mtoto mdogo ana mwili mdogo kwa sumu ile ile, mzee mwenye moyo dhaifu ana nguvu kidogo ya kustahimili. Lakini ukitaka kujua kwa nini babu yako alipona na mdogo wake akafa, anza kuuliza nyoka gani, aliuma wapi, aliingiza kiasi gani, na mgonjwa alifika kwa mtu wa dawa baada ya saa ngapi.

Kuhusu mtoto. Mtoto wa miaka minne akiumwa hupewa dawa ya sumu kiasi kile kile anachopewa mtu mzima, kwa kuwa dawa inapambana na sumu iliyoingia, na nyoka hampunguzii mtoto. Kuna ukweli kwamba mwili unaweza kufundishwa kuizuia sumu. Dawa yenyewe inatengenezwa hivyo: farasi wanadungwa sumu kidogo kidogo kwa miezi, kisha kinga inatolewa kwenye damu yao. Yupo Mmarekani, Bill Haast wa Miami, alianza kujidunga sumu ya fira 1948, akaendelea maisha yake yote, akaumwa zaidi ya mara 170 na kufariki 2011 akiwa na miaka 100. Mikono yake lakini iliharibika. Na yeye alikuwa anajidunga tena na tena, kwa kipimo. Chale za siku moja zenye majivu hazimfundishi mtoto kitu. Zinaweza kumpa pepopunda, na wembe unaopita kwa watoto kumi unaweza kumpa homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Hilo la mwanamke mwenye siri linaniumiza. Nimewafungua bandeji masheikh, nimewafungua mapadri, nimemfungua mtoto wa miaka mitatu ambaye siri yake kubwa ilikuwa kuiba sukari. Shirika la Afya Duniani linahesabu wanaokufa kwa nyoka kila mwaka kuwa kati ya 81,000 na 138,000, na wanaokatwa viungo au kubaki na ulemavu ni kama mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima na watoto wao. Wifi yako yumo humo, kwa sababu alikuwa shambani peku akiwatafutia riziki.

---

BintiMagu

Nimelia niliposoma habari ya pindo la khanga.

Naandika kwa sababu ya huyo mtoto. Mimi ni Msukuma wa Magu. Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa Bayeye, wale wa ngoma ya nyoka ambao watu wa nje huwaona wanacheza na chatu. Kwao kuchanjwa ni jambo la heshima na lina taratibu zake, sitaki mtu alidharau. Alichanjwa mara nyingi, aliumwa mara nyingi, na mimi tangu mtoto niliamini nyoka hamuwezi.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake aliumwa na fira mdogo, urefu wa mkono tu, kwenye kidole gumba. Alicheka. Hata kikombe cha uji hakijapoa, alianza kujikuna viganja. Uso ukajaa, midomo ikavimba, akawa anavuta pumzi kwa mlio wa filimbi. Tulimbeba kwenye baiskeli kuelekea barabara ya lami, hatukufika. Miaka mingi baadaye nilimweleza daktari mmoja, akaniambia ile haikuwa kasi ya sumu ya fira. Mwili wake, kwa kukutana na sumu kila mara, ulikuwa umeichukia mpaka ukajiua wenyewe. Nilidhani ananifariji tu. Tabibu, ni kweli?

---

BabaMapacha (Ganze, Kilifi)

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nimesoma yote nikaingiwa na wasiwasi. Mtu atatoka hapa akiamini kwamba asiyevimba hana sumu, na mimi mwanangu hakuvimba hata chembe.

Alikuwa na miaka 11. Aliingia ghalani kutoa mahindi jioni, akatoka akisema nyoka amempiga kwenye shavu la mguu. Tukamulika kwa simu, nukta mbili, hakuna uvimbe, hakuna damu. Mamangu akasema huyo ni nyoka wa panya, mpeni maziwa. Kama baada ya dakika kumi na tano mtoto aniambia, "Baba, midomo yanichonyota kama nimekula pilipili." Kisha mate yakaanza kumtoka bila kuyameza. Nikimwita aniangalie, kope zashuka. Azifungua kwa vidole. Sauti yake ikawa ya mlevi, na shingo haikuweza kubeba kichwa tena.

Nikampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake, kichwa chake nimekibana kifuani kwangu. Tulipofika alikuwa akivuta pumzi kwa shida sana. Wakamtia mpira kooni, na muuguzi akakaa akifinya mfuko wa hewa kwa mikono mpaka alipochoka akapokewa na mwingine. Nilimwona mwanangu amelala macho yamefumba, hata ukimfinya hatikisiki. Nikatoka nje nikampigia ndugu yangu simu kuhusu ubao wa jeneza, kisha nikarudi nikaongea naye tena kuhusu hilo nikiwa pale kitandani.

Walimpa dawa. Siku ya pili akafungua macho. Siku ya nne aliongea, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kwa nini nilikuwa nataka kununua mbao. Alikuwa amesikia kila neno. Hakuweza kusogeza hata kidole, lakini akili yake ilikuwa macho muda wote ule.

Baadaye nilimpeleka Bio-Ken pale Watamu, shamba la nyoka alilolianzisha marehemu James Ashe, kumwangalia nyoka wa aina ile nyuma ya kioo. Nyinyi mwamwita koboko. Mwili wake ni wa kijivu, mweusi ni ndani ya kinywa. Mtoto alisimama hapo muda mrefu bila kusema kitu.

Kwa hiyo dada, huyo kaka yako kukaa nyumbani akala ugali kwa kuwa hakuvimba, ningekuwa mimi ningemkokota hospitali.

---

FundiCherehani

Nimesoma mara tatu. Baba Mapacha, Mungu akulindie huyo kijana.

Tabibu, shikamoo. Nina swali. Kaka yangu angejuaje kwamba hana sumu, asubiri muda gani? Na wifi, kama tungemfikisha siku ile ile, mguu ungepona bila kovu?

---

TabibuMstaafu (Lindi)

Marahaba binti yangu.

Baba Mapacha ameandika ambacho nilipaswa kuandika mwanzoni, namshukuru. Kifutu anaharibu nyama, utaona uvimbe. Koboko anaifunga misuli ya pumzi, mguu unabaki kama ulivyo. Kwa koboko usitazame mguu, tazama macho: kope zikianza kulegea, hakuna cha kusubiri. Ni kweli pia kwamba mgonjwa anasikia. Tulikuwa tukiwaambia ndugu wamsemeshe na kumweleza kinachofanyika, wala wasizungumzie msiba pale kitandani.

Binti Magu, daktari wako alisema kweli. Mwili unaokutana na sumu mara kwa mara unaweza kuzoea, na unaweza pia kupata mzio. Hakuna ajuaye mapema wake utafuata njia ipi. Kujikuna viganja, uso kujaa, mlio wa pumzi, na yote ndani ya dakika chache, hiyo ni sura ya mzio. Hata dawa ya sumu yenyewe, kwa sababu inatoka kwa farasi, inaweza kumletea mgonjwa mzio, ndiyo maana inatolewa mahali penye adrenalini, dawa ya kuzima mzio, tayari kwenye sindano na siyo nyumbani.

Kaka yako alipaswa kukaa chini ya uangalizi saa 24. Mimi nilikuwa nachukua kalamu, nachora mstari pale uvimbe ulipoishia na kuandika saa pembeni, juu ya ngozi. Baada ya saa moja nachora tena. Mwenye mstari mmoja hadi asubuhi, nashusha pumzi. Kisha nachukua damu mililita 2 kwenye chupa ya kioo safi na kavu, naiacha dakika 20 bila kuitikisa, nainamisha. Ikimwagika kama maji, damu imepoteza uwezo wa kuganda hata kama mgonjwa amekaa anacheka. Hapahitaji umeme.

Nakwambia haya ya saa 24 kwa sababu ya kisa kimoja nilichofundishwa chuoni na sijawahi kukisahau. Karl Schmidt alikuwa mtaalamu mkubwa wa nyoka kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago. Septemba 1957 aliletewa nyoka mchanga kutoka Afrika, boomslang, yule wa mitini ambaye meno yake ya sumu yako nyuma kinywani. Akamuuma kidole gumba, jino moja tu ndilo lililozama, milimita chache. Akarudi nyumbani kwa treni, akawa anaandika kila anachohisi. Usiku ufizi ulitoa damu. Asubuhi akala kifungua kinywa, akajisikia nafuu, akapiga simu kazini kwamba atarudi. Alasiri ya siku hiyo hiyo alikufa, damu imevuja ndani. Huyo aliwajua nyoka kuliko mimi na wewe na kijiji chote cha Kitangari.

Kuhusu mguu wa wifi, sitakudanganya. Dawa ikiwahi inazuia sumu isiendelee, nyama iliyokwisha kufa haifufui. Angefika siku ile ile, bila khanga na bila wembe, ningetegemea kovu dogo zaidi na kulazwa wiki chache kuliko hizo saba. Na kama hospitali ilikuwa na chupa chache, jua kwamba tatizo hilo ni la Afrika nzima. Ile dawa iliyoitwa FAV-Afrique, iliyotengenezwa Ufaransa, iliachwa kutengenezwa 2014, na chupa za mwisho zikaisha muda katikati ya 2016. Ndiyo maana naomba: kabla ya msimu, kaka yako apige simu aulize ni kituo gani cha karibu chenye dawa sasa hivi, siyo mwaka jana. Aiandike namba ya mwenye pikipiki ukutani. Anayeumwa alale, kiungo kifungwe gango kisitikisike, pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe, aende. Na majani chini ya mikorosho yavutwe kwa reki, wamevaa mabuti.

---

FundiCherehani

Ndugu zangu, narudi kuwapa habari.

Jumatano usiku nilimpigia mama, nikamwambia aweke sauti ya nje, nikamsomea ya Tabibu yote na ya Binti Magu. Aliniacha nikasoma bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo jiwe lilidondoka kwa sababu ya maji?" Nikamwambia ndiyo mama, kwa sababu ya maji. Akasema ana kazi jikoni, akakata simu.

Hajamwomba wifi radhi. Sitawadanganya. Lakini Ijumaa imepita na mtoto hakupelekwa. Mama alisema ana kifua, wakati kaka ananiambia kifua hana.

Jana wifi mwenyewe amenipigia, mara ya kwanza tangu atoke wodini ananipigia yeye. Alitaka tuzungumze kuhusu namba za mabuti. Nimepita Kariakoo leo nimepata jozi nne na reki mbili, nimezifunga na kamba, kesho zinapanda basi la Newala. Wifi alikuwa anavaa 38, sasa mguu wenye kovu haushuki kwenye buti la 38, nimemchukulia 40 na soksi nene ya kujazia upande wa pili. La mtoto lilikuwa kubwa kidogo, nimelinunua hivyo hivyo.